Hija ya siku moja Roma: basilika nne na watu wote wakiwa salama

Kikundi cha parokia chenye siku moja tu Roma huanza kukosea kwenye ratiba. Mmoja wa kamati anaandika basilika nne, mwingine anachomeka Makumbusho ya Vatikani, wa tatu anadai Colosseum. Futeni. Makumbusho peke yake yanakula nusu siku. Basilika nne za Kipapa (Mt. Petro, Maria Mkuu, Yohane wa Laterano na Paulo Nje ya Kuta) zinatosha kabisa kwa watu 40, tena wazee wakiwemo.

Epukeni Jumatano. Baba Mtakatifu hutoa katekesi asubuhi hiyo, na kwa kawaida hamtaingia kwa Mt. Petro mpaka amalize. Jumapili saa 6 mchana ni sala ya Malaika wa Bwana na uwanja unafurika. Jumanne au Alhamisi ni shwari zaidi.

Misa ya kikundi iombwe sakristia mapema, miezi kadhaa kabla. Padre wenu abebe celebret, hati ya askofu au mkuu wa shirika lake inayothibitisha kwamba ni padre na anaruhusiwa kuadhimisha. Kanzu na stola si kitambulisho. Bila hati anaweza kujikuta ameketi na waamini wake.

Fikeni kwa Mt. Petro saa 1 asubuhi milango inapofunguliwa. Ikifika saa 4, foleni ya ukaguzi imeshauzunguka uwanja. Kisu cha kumenyea matunda kibaki mlikolala. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, na kila kundi liwe na kanga mbili za akiba kwa aliyejisahau. Kuba liacheni: ni ngazi 551, au 320 kwa anayelipia lifti, na wakipanda wawili, 38 wanasubiri chini.

Kuhusu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, wengi hudhani basilika nne ni rehema nne. Hapana, ni moja tu kwa siku. Kwa hiyo msikimbizane: chagueni basilika moja, mkasali hapo Baba Yetu na Nasadiki kwa utulivu, pamoja na masharti ya kawaida ya maungamo, komunyo, sala kwa nia za Papa na moyo usiong'ang'ania dhambi. Vibanda vya kitubio huandikwa lugha za padre aliyemo, ila msitegemee kukuta Kiswahili. Afadhali padre wenu aungamishe jioni ya kabla ya safari.

Sasa treni ya chini ya ardhi, maana basi la kukodi linahitaji kibali cha jiji na halisimami popote linapotaka. Kutoka Ottaviano, kituo kilicho karibu na Mt. Petro, pandeni njia A kuelekea Anagnina, mshuke Vittorio Emanuele. Maria Mkuu ni mwendo mfupi kwa miguu. Chukueni tiketi ya siku nzima, kwa sababu ile ya dakika 100 inaruhusu safari moja tu ya treni hiyo.

Hapo kwenye treni ndipo watu hupotea. Gawaneni makundi ya watu 10, kila kundi na kiongozi wake na behewa lake. Kuhesabu kufanyike jukwaani kabla ya kupanda, kila mtu akitaja namba yake. Kuhesabu vichwa kwa macho hukosewa kila mara. Milango ikimfungia mtu nje, asitoke kituoni kutafuta wenzake. Apande treni inayofuata, na kundi lake limngojee palepale jukwaani kwenye kituo cha kushuka. Sheria hiyo isemwe usiku wa kuamkia safari, si mlangoni. Mikoba ikae kifuani, wezi wa mifukoni wanaijua njia A vizuri.

Maria Mkuu kuna foleni ya pili ndani: kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa hapo tarehe 26 Aprili 2025. Picha ya Bikira Maria aliyokuwa akiikimbilia, Salus Populi Romani, iko jirani.

Kisha tembeeni. Via Merulana inanyooka hadi Laterano, zaidi kidogo ya kilomita moja. Na wazee hesabuni nusu saa. Mawe ya barabarani ni hatari kwa viatu vya kisigino. Maji ya kunywa ni bure kwenye mabomba ya mitaani, bebeni chupa.

Laterano, na si Mt. Petro, ndilo kanisa kuu la Askofu wa Roma. Ng'ambo ya barabara ziko Ngazi Takatifu, 28, ambazo mapokeo husema Yesu alizipanda kwa Pilato; hupandwa kwa magoti tu. Mwendo wenu ni mwendo wa aliye mbele yenu, kwa hiyo tengeni dakika 40. Sketi ya kubana ni mateso pale. Wenye magoti mabovu wapite ngazi za pembeni. Pale hufungwa kwa mapumziko ya mchana, kwa hiyo kuleni chakula kwanza kisha mpande.

Kwa Mt. Paulo: njia A kuelekea Battistini hadi Termini, badilisheni njia B kuelekea Laurentina, mshuke Basilica San Paolo. Hufungwa saa 12:30 jioni, mfike kabla ya saa 11. Moto wa 1823 uliiteketeza ikajengwa upya. Juu ya nguzo kuna picha za mapapa wote tangu Petro, na kaburi la mtume liko chini ya altare. Pana nafasi na utulivu kuliko kwingine, kwa hiyo mkikosa Misa kwa Mt. Petro, iombeni hapa.