Picha za matumbawe zinatoka buluu tupu
Ndugu, umeuliza kwa nini picha za matumbawe unayofuga kwenye tangi la maji ya chumvi zinatoka buluu. Simu yako haina kosa. Ni kwa sababu ya taa za buluu za tangi. Washa zile nyeupe dakika chache, zima pampu maji yatulie, futa kioo, kisha shika simu ikitazama kioo moja kwa moja. Ukiiinamisha picha inakosa ukali. Flashi usiwashe.

Ila hilo ulilosema, kwamba unajazia tangi maji ya chumvi kila yakipungua, ndilo linanitia wasiwasi. Maji hugeuka mvuke, chumvi inabaki, na joto la Kisumu unalijua. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri, chumvi ibaki gramu 35 hivi kwa lita. Ya mfereji yana klorini. Ya ziwani, hata usijaribu.