SpamAssassin na Rspamd kwa seva moja? Chagua mmoja

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuweka SpamAssassin na Rspamd, hivi vichujio viwili vya spamu, pamoja kwa Postfix moja (programu ya seva ya barua pepe) juu spamu bado inapita. Inawezekana, lakini usifanye. Mi nilifanya hivyo kwa ofisi moja ya kutoa mizigo huku Mombasa Road, na barua moja ilikuwa inapewa alama mbili na watu wawili hawasikizani, huyu anasema safi, huyu anasema taka, halafu mtu wa ofisi akiuliza barua ya saplaya wake imeenda wapi unachimba logi mbili mpaka jioni. Hao wawili kazi yao ni ile ile. Nilibaki na Rspamd juu ni nyepesi na inacheki yenyewe SPF, DKIM na DMARC, zile njia za kuhakikisha barua imetoka kweli kwa mwenye jina.

Chenye kinasaidia ni kupanga foleni, kazi rahisi ianzie langoni. Washa postscreen ya Postfix, ile inangoja sekunde 6 kabla imalize kusalimia, na boti nyingi za spamu hazina subira, zinaanza kuongea kabla zisalimiwe, hapo unazifukuza bila hata kusoma barua. Halafu Spamhaus, ile orodha ya IP za spamu yenye seva yako inauliza kwa DNS, halafu Rspamd, na ClamAV, ile ya kutafuta virusi, iguse zile zimebaki tu juu hiyo inakula RAM zaidi ya gigabaiti 1, kwa seva ndogo inaumiza kweli.

Sasa kwa Spamhaus tafadhali kuwa makini sana. Seva yetu ilikuwa inatumia DNS ya 8.8.8.8, na Spamhaus ukiiuliza bure kupitia DNS ya umma kama hiyo haijibu swali, inarudisha 127.255.255.254, maana yake umeuliza kwa njia haikubaliwi, sio ati hiyo IP ni ya spamu. Lakini mi nilikuwa nimeandika zen.spamhaus.org (jina la hiyo orodha) tupu kwa konfigi, bila kusema ni majibu gani yanahesabika, na hapo Postfix huchukua jibu lolote kama ndiyo. Jumatatu asubuhi barua zikakataliwa zote, ya benki, ya saplaya, zote, na kontena iko bandarini Mombasa inangoja makaratasi huku pesa ya storeji inapanda kila siku. Niliskia vibaya sana, wale watu walikuwa wameniamini. Weka Unbound, programu ya DNS yako mwenyewe, hapo kwa seva, iulize yenyewe bila kupitisha kwa mwingine, na uandike zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11], yaani ihesabu tu majibu ya 127.0.0.2 mpaka 127.0.0.11.

Alama za Rspamd ziache kwanza vile zinakuja: 4 inachelewesha barua, 6 inaweka heda ya spamu (lebo ndani ya barua), 15 inakataa. Najua unataka kushusha hiyo 15, ngoja. Barua halali za watu wa mizigo zimejaa invoisi, malipo, haraka, yaani zinafanana na spamu kabisa, kwa hivyo ifundishe, na Bayes, ile sehemu ya Rspamd yenye inajifunza kwa barua, haianzi kazi mpaka ipate spamu 200 na safi 200. Wengi hulisha spamu peke yake wanasahau safi. Sisi tulichukua barua za zamani za wahasibu, za Kiswahili na za Kizungu, na hapo ndo ikaanza kuelewa ofisi yetu.

Kabla uguse kitu ingine leo, ukiwa kwa seva yenyewe andika hii amri ya kuuliza DNS: dig 2.0.0.127.zen.spamhaus.org. Ukiona 127.0.0.2 kwa majibu, DNS yako iko sawa. Ukiona 127.255.255.254, toa hiyo laini ya Spamhaus saa hii.