Nyumba ya babu Uhindini: tubomoe tupige fremu?

SWALI: Shikamoo dada. Tuko ndugu watano, babu katuachia nyumba hapa Uhindini Dodoma, aliinunua miaka ya sitini kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anahama. Kuta nene za mawe, mbele baraza na milango ya mbao ya kukunja, juu bati la zamani. Kaka mkubwa anataka tubomoe tupige fremu sita za maduka, anasema wapangaji wapo hata kesho. Mimi roho inaniuma. Mdogo wetu kasoma kwamba Chicago huko Marekani jiji linamsaidia mwenye jengo la kihistoria, mpaka kodi anapunguziwa. Hivi letu haliwezi? Na kuta kwa chini plasta imeanza kudondoka. *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu maana hizo nyumba za baraza nazijua, nimekulia kwenye mji huu, na kila nikirudi nakuta moja imeshageuka ghorofa la vioo.

Ni kweli, Chicago wana kamisheni ya majengo ya kihistoria tangu 1968, jengo likishaingia kwenye orodha yao huwezi kulibomoa au kulibadilisha sura bila wao kupitia. Ila hawaishii kukukataza. Ukikarabati unaweza kusamehewa ada ya kibali, na kama ni jengo la biashara na ukaweka hela isiyopungua nusu ya thamani yake, kuna mpango wa kaunti wa kukupunguzia kodi ya jengo kwa miaka 12. Kwao inafanya kazi kwa sababu kodi ya majengo ni mzigo mkubwa, mtu akipunguziwa anasikia. Sisi tangu 2021 kodi hiyo tunakatwa kidogokidogo tukinunua umeme wa LUKU, sasa hata wakikusamehe yote, mdogo wangu, hiyo hela haiezeki hata chumba kimoja. Kwa hiyo tusiwaige kwenye kodi, tuwaige kwenye orodha na kibali.

Na hapo kwenye orodha ndipo Dodoma tunapoumia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Sasa piga hesabu, mji wetu umekua na reli ya kati na reli imefika hapa 1910, yaani stesheni, majengo ya Wajerumani, maduka ya Uhindini, vyote vimezaliwa baada ya huo mwaka 1886. Bagamoyo na Kilwa wana magofu ya kale, sheria inawakumbatia, sisi tunabaki tunamsubiri waziri atangaze jengo mojamoja. Ndio maana nasema jiji lenyewe liamke, halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo na ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi. Ikiwa na orodha yake ya nyumba hata hamsini tu, ikasema hizi kabla hujabomoa tukae tuongee, ada ya kibali cha ukarabati tunakusamehe na fundi mwenye ujuzi tunakuonyesha, nyumba ya babu yenu ingekuwa na mtetezi. Naomba madiwani mnaosoma ukurasa huu mlibebe hili, kwa kweli muda unaenda.

Ila orodha peke yake nayo haitoshi. Zanzibar wana Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985 na mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, lakini Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ikaporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, watu wakapoteza maisha, tena ukarabati ukiendelea. Jengo linataka mkono kila mwaka.

Sasa ukuta wako. Gonga hiyo plasta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kupanda juu, ikilia tupu kama debe ujue imeshaachia ukuta. Nakuhakikishia asilimia kubwa ni kwamba kuna fundi alikuja miaka ya nyuma akapiga ripu ya sementi juu ya mawe yaliyojengwa kwa chokaa au udongo. Ukuta wa hivyo unanyonya maji ya ardhini masika na unayatoa kiangazi kupitia usoni kwake, ukiuziba na sementi maji yanabaki ndani, chumvi inatoka, plasta inavimba inadondoka na vipande vya jiwe. Bandua taratibu, upige chokaa iliyolowekwa vizuri, chokaa moja mchanga tatu, tabaka nyembambanyembamba. Na jua letu hili la Dodoma litaikausha kabla haijakaza, kwa hiyo funika na magunia mabichi uyanyunyizie maji siku kadhaa. Halafu panda darini na tochi uangalie kenchi, mchwa wa huku hawana huruma, na mfereji wa bati usimwage maji kwenye msingi.

Kwa kaka yako, usimwendee na machozi, mwendee na hesabu. Hiyo milango ya kukunja mbele ilitengenezwa kwa ajili ya duka! Mkikarabati vyumba vya mbele mnapata fremu tatu au nne bila kumwaga msingi, baraza linabaki, nyuma mnakaa au mnapangisha. Boma la Iringa la Wajerumani lingeweza kuachwa lianguke, likafunguliwa kama makumbusho 2016 na leo watu wanaingia. Pigeni picha kila kona kabla ya chochote, na kibali mkiombe cha ukarabati, msichanganye na cha ujenzi mpya.

SWALI: Tembe la bibi huku Mvumi, ile nyumba ya Kigogo ya miti na udongo mpaka paa, limeanza kuvuja, watoto wa mjini wanasema tuweke bati. Tufanyeje? *Mjukuu*

JIBU: Kama bibi bado analala humo, kavu kwanza, bati si dhambi. Ila kama mna lingine la kukaa, hilo liacheni la udongo, ongezeni udongo juu kabla ya mvua za Desemba na mshindilie, badilisheni miti iliyooza tu. Na msiache kuwasha moto ndani, moshi ndio unawafukuza wadudu kwenye miti. Tembe la Kigogo lipo Kijiji cha Makumbusho Dar, ila mtoto wa Mvumi asipande basi kwenda kuliona huko wakati la bibi yake lipo, mwambieni bibi awaonyeshe wajukuu udongo anaochagua na anapouchimba.