Mistari niliyoificha inavuruga kurasa za jedwali

SWALI: Jedwali langu la bidhaa linatumia DataTables (programu-jalizi ya jQuery, maktaba ya JavaScript, inayogawa jedwali katika kurasa), mistari 10 kila ukurasa. Nikificha bidhaa zilizoisha kwa hide() ya jQuery, ukurasa wa kwanza unabaki na mistari 4, na wa pili bado unazionyesha zote. Nifanyeje?

JIBU: Usifiche, chuja. DataTables huacha ndani ya DOM (muundo wa ukurasa wa wavuti ulio ndani ya kivinjari) mistari ya ukurasa unaoonekana tu, kwa hiyo hide() haiifikii mingine. Na hata inapoifikia, hubadilisha mwonekano tu. Hesabu ya kurasa haiguswi. Tumia hii:

$.fn.dataTable.ext.search.push(function (s, d) {
  return s.nTable.id !== 'bidhaa' || Number(d[3]) > 0;
});
jedwali.draw();

d[3] ni safu ya nne, kwani hesabu huanzia 0. Weka namba ya safu yenye idadi ya bidhaa. 'bidhaa' ni id ya jedwali lako kwenye HTML, na jedwali ni kigeu kinachoshika DataTable yako. Sharti la id usiliondoe, la sivyo kichujio kitakumba kila jedwali la DataTables lililo kwenye ukurasa huo wa wavuti. Angalia pia koma: "1,200" si namba kwa JavaScript, hivyo bidhaa iliyojaa ghalani itatoweka kimyakimya.

Kama data inachujwa na seva (serverSide: true), msimbo huu hausaidii kitu. Weka sharti kwenye SQL, yaani ombi ambalo seva hupeleka kwa hifadhidata.