Mwanangu, hizo habari za kuku ndo zenyewe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Zile barua ulizonitumia kwa Wasap nimezisoma zote, na Kiingereza cha huyo Mattie Oblinger, yule mke wa mkulima wa Marekani wa miaka ya 1870, wala hakijanisumbua maana anaandika kama anavyoongea, hasimami kwenye nukta. Sasa umeniuliza, "Mama, hawa watu wameacha kwao wameenda kuanza maisha porini Nebraska, jimbo la katikati ya Marekani, mbona huyu dada anaandika kuku, bustani na chakula tu, ya maana hayaandiki?" Mi nakwambia hayo ndo ya maana, na jibu liko humo humo kwenye barua zake.

Angalia kwanza walikotoka. Mumewe, Uriah Oblinger, alipigana ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, akamuoa Mattie 1869, na huko Indiana walikuwa wanalima shamba la watu. Hayo maisha unayajua, unalima wewe, unapalilia wewe, ikifika kuvuna mwenye shamba anakuja kuchukua chake, na mwakani hujui kama atakuacha au utahama. Ila kulikuwa na sheria ya 1862, enzi za rais Lincoln, kwamba serikali inakupa ekari 160 kwa ada za kama dola 18 hivi, ujenge, ulime, ukae miaka 5, ndo unapata hati. Waliopigana upande wa serikali wakaja kuruhusiwa kukata miaka yao ya jeshi kwenye hiyo 5. Uriah akaondoka 1872 na mashemeji zake, akamwacha mke na katoto kao Ella, akaenda kuchukua eneo wilaya ya Fillmore.

Hapo kwenye ardhi ya bure usipapite haraka. Ilikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko. Kusini ya mto Platte waliachishwa kwa mkataba wa 1833, na miaka ile ile Mattie anapanda bustani yake ndo waliobaki Nebraska walikuwa wanahamishiwa huko kunakoitwa Oklahoma leo. Mi namwonea huruma sana Mattie lakini lile pori lilikuwa na wenyewe, na ukisoma furaha yake ukumbuke na hilo.

Haya, Uriah yuko peke yake huko, mke yuko kwa wazazi, kinachowaunganisha ni barua ya stampu ya senti 3. Na posta ilikuwa haikuletei barua shambani, huo utaratibu umeanza 1896, kabla ya hapo mtu anafunga safari mpaka mjini kuulizia kama kuna chake. Pasaka ya 1873, kuanzia tarehe 13 Aprili, ikapiga dhoruba ya theluji siku tatu mfululizo, upepo unavuruga theluji mtu haoni mbele, mifugo ikafa mingi sana. Hiyo Uriah alimwandikia mkewe. Na Mattie akaja! Mwezi unaofuata tu kapanda treni na mtoto wake.

Barua yake ya Juni 1873 uirudie polepole. Nyumba yao ilikuwa ya udongo wa nyasi, yaani wanalima ardhi ambayo haijawahi kuguswa na plau, mizizi imeshikana kweli kweli, wanakata vipande vipande kama tofali na nyasi zake wanapanga ukuta. Joto haliingii, baridi nayo afadhali, ila mvua ikikaza paa linavuja matope. Sakafu hawana bado. Na anawaambia ndugu zake wasidhani anateseka, hajawahi kufurahia maisha hivyo, na sio sababu ni mambo mapya, ni kwa sababu hawazi tena kuhama mwaka ujao na kila jasho lao ni lao, sio nusu ya mtu mwingine. Huko hakuna mtu wa kukodi shamba, anasema. Sasa mtu wa hivyo akikuandikia habari za bustani anakwambia nini? Anakwambia atakuwepo kuila. Kwenye shamba la kukodi hupandi kitu kwa moyo ule.

Halafu fikiria anayesoma. Barua ile anasomewa baba, mama, ndugu, inazunguka ukoo mzima, huwezi kumwaga humo kila kinachokuliza usiku. Na mama mzazi aliyeko mbali hataki hotuba mwanangu, anataka kujua umekula nini, unalala wapi, nani amekuja kukusalimia Jumapili. Bibi yako, mimi nilipopangiwa kufundisha kusini alikuwa anasomewa barua zangu na mtoto wa jirani, na nikiandika "sijambo" tu ananirudishia swali: kuku wako wangapi? Alikuwa ananipima kwa kuku. Wakiongezeka, anajua nimetulia.

Shida zilikuja pia. 1874 nzige walishuka Nebraska, wale wa milima ya Rocky, wakala mahindi, wakala vitunguu mpaka chini ardhini, wakatafuna na nguo zilizoanikwa. (Hao nzige wenyewe leo hawapo kabisa, wa mwisho alionekana 1902.) Familia nyingi zilirudi makwao, hawa wakabaki.

1880 Mattie akafa kwa uzazi, na kichanga chake kikafa. Uriah kabaki na mabinti watatu na kazi ya kuwaandikia wakwe zake. Mi nimejifungua watoto wanne, wawili nyumbani bila nesi, kwa hiyo hapo niliiweka simu pembeni nikakaa. Miaka saba anawaambia wazazi wake kuku, bustani, sakafu, na baada ya hapo kila walichobaki nacho cha huko kwake kilikuwa ni hizo habari unazoona za kawaida. Wazazi wale nadhani walikuwa wanajua nyumba ya mtoto wao mpaka kona za jikoni.

Uriah alikuja kuoa tena 1881, mwanamke anaitwa Laura, na akaendelea kuhamahama mpaka anakufa 1901. Ebu nitafutie barua za miaka hiyo, nataka kujua huyo Laura aliishije na wale mabinti. Na wewe ukiniandikia uniambie unapika nini huko, maana wiki hii umenitumia salamu tu.

Mama yako