Chipsi za saa mbili usiku

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Kwaresima hii niliahidi kuacha chipsi mayai. Asubuhi nakunywa chai ya rangi, mchana nafunga. Nikishafunga duka saa mbili usiku na kupita kibandani, harufu inanishinda. Nanunua sahani ya 3,000, naila upesi nimesimama, kisha nalia. Je, imani yangu ni haba? Niongeze siku za kufunga?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Milele amina, dada. Usiongeze hata siku moja.

Hiyo ya saa mbili usiku sehemu kubwa ni njaa tu. Sheria ya Kanisa Katoliki inadai kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata siku hizo unaruhusiwa mlo mmoja wa kushiba na kitu kidogo mara mbili. Wewe umejiwekea sheria kali kuliko hiyo, tena kila siku. Basi mchana kula ugali, maharage kikombe kimoja na mchicha. Saa kumi na moja jioni, karanga za kujaa kiganja. Chai ya sukari na andazi havitoshi. Vinaisha upesi tumboni na kukurudisha palepale.

Njaa ikishatulia, kinachobaki ndiyo tamaa. Utaijua hivi: njaa inakubali kiporo cha makande, tamaa inataka chipsi za pale pale. Yohane Kasiano, aliyejifunza kwa wamonaki wa jangwani Misri, alitaja ulafi wa aina tatu: kuwahi saa ya kula, kujaza tumbo kwa chochote, na kusaka vya utamu. Wako ni wa tatu. Huo haukomeshwi kwa kujinyima ugali.

Jioni, kabla ya kufika kibandani, shika rozari mkononi. Anza kwa kusema ukweli: “Bwana, nataka chipsi.” Usijifanye huna hamu, Waisraeli walililia matango na vitunguu vya Misri (Hesabu 11), na walichokosea ni kuidharau mana. Kisha sali makumi matano huku ukitembea. Yanachukua kama dakika 20, na hamu ya chakula mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa. Usiape habari za siku 40. Ahidi rozari hiyo moja. Ukiweza kupita barabara nyingine, pita. Si woga.

Ukianguka, keti, kula taratibu, na kesho yake pata kifungua kinywa kama kawaida. Wengi hukosea hapa: wanajiadhibu kwa kushinda na njaa, na usiku ule ule wanarudi kibandani.

Zile 3,000 zitie kwenye kopo. Jioni sita ni 18,000, na kila Jumamosi zimfikie mwenye shida. Bila hivyo umebaki kwenye dayati. Jumapili haihesabiwi katika zile siku 40, ila isiwe siku ya kufidia kwa sahani mbili.

Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba au dawa za kila siku amwone daktari kabla ya kufunga. Na kama unakula kwa siri kisha unajitapisha, nenda hospitali wiki hii, rozari uende nayo.