Gata jipya, makosa yale yale

Vijana wangu, nimewaona tena. Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, linang'aa, rangi imeoana na bati, picha zimeshatumwa kwa mwenye nyumba, na breketi zinazolishikilia zimefungwa kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) iliyooza kiasi kwamba skrubu unaisukuma kwa kidole gumba ikaingia. Nawapenda, ndiyo maana nawasema.

1. Ubao kwanza. Ukishavua gata la zamani, chukua bisibisi uichome fishabodi kila palipokuwa na msumari. Ikizama, ubao unabadilishwa. Na mwenye nyumba aambiwe kabla hamjapandisha kitu, maana habari ya ubao uliooza ikija baada ya malipo hugeuka ugomvi.

2. Pigeni hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 60 kwa saa, kwenye upande wa paa wenye mita za mraba 100, inashusha lita 100 kila dakika. Sasa litazameni bomba mliloliacha ukutani, mniambie zitapita wapi.

Mimi sikujiuliza, na aibu yake naisimulia yote kwa kuwa naona mnapita mle mle. Ilikuwa stoo ya nyuma, paa la upande mmoja, refu, na gata la milimita 100 lilikuwa likifurika. Nikamwambia mwenye nyumba, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba dawa ni gata la 150. Akakubali. Uzi ukavutwa, kona zikakaa, kazi ikapendeza. Bomba la milimita 50 nikaliacha, kwa kisingizio kwamba bado zima. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwahi kuondoka. Breketi nikaziachanisha mita nzima ili zibaki. Halafu, kwa ajili ya sura tu, ukingo wa mbele nikaupandisha juu ya ule wa nyuma, maana ukitazama kutoka chini unaonekana umenyooka vizuri.

Gata pana lenye bomba jembamba ni tangi lililoning'inizwa. Likijaa, gata la nusu duara la 150 hubeba karibu kilo 9 za maji kwa kila mita. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, katikati lilibonyea, maji yakakuta mbele kumezibwa na ukingo wangu mzuri, yakarudi nyuma, yakapita juu ya ubao na kuteremka ndani ya ukuta. Kando ya ukuta huo mwenye nyumba alikuwa amepanga mifuko ya saruji.

Aliponiita hakufoka. Alinisogezea mfuko mmoja akasema, "Fundi, nifungulie huu." Ulikuwa jiwe. Nililipa mifuko yote, nikaweka bomba la 100, ambalo kipenyo chake ni mara mbili lakini njia ya maji ni mara nne, nikaongeza breketi, nikalifungua gata lote na kulifunga upya, ukingo wa mbele ukiwa chini kuliko wa nyuma. Siku likizidiwa, limwage nje. Kibaya zaidi, kijana niliyekuwa naye alishaniuliza mapema kama bomba lile litatosha, nami nikamjibu, "Wewe shika ngazi." Siku ya marekebisho hakusema neno. Alishika ngazi tu, meno yote nje.

3. Mteremko: milimita 3 hadi 5 kwa kila mita, na mfuate uzi na pima maji, kwani fishabodi yenyewe mara nyingi haijanyooka. Gata likiwa refu, tundu la kushushia maji kwenye bomba liwe katikati ili kila upande ubebe nusu.

4. Maungio yapandane kwa kufuata mwendo wa maji. Silikoni haishiki juu ya vumbi; futeni, kausheni, ndipo mpake. Gata la plastiki la mita 10 hurefuka karibu sentimita 2 joto likipanda nyuzi 30, basi liachieni nafasi ya kutembea kwenye viungo. Na maji yanayotoka kwenye shaba msiyaelekeze kwenye gata la mabati, yatakula zinki mpaka muitwe tena.

5. Mabanda ya zamani. Hapa sitanii. Mkikuta gata la kijivu, zito, linalofanana na saruji, huenda lina asbesto. Msilitie grinda, msilivunje, msilitupe chini. Vumbi lake halionekani kwa macho, na saratani inayoletwa nalo hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hata mteja mmeshamsahau. Teremkeni, aitwe mwenye kibali cha kuliondoa. Kijana mmoja aliniambia ataziba pua kwa fulana. Nilimnyang'anya grinda, akanuna mpaka jioni. Na anune.

6. Kabla ya kukusanya vifaa, mwageni maji ndoo kadhaa upande wa juu, mmoja wenu akiwa ndani anatazama ukuta. Kisha angalieni maji yanaishia wapi chini. Bomba linalomwaga kwenye msingi limehamisha tatizo tu.

Na ngazi msiiegemeze kwenye gata mliloling'arisha sasa hivi. Nimemwona mtu akilikunja la kwake mwenyewe, akiwa anashuka kwenda kudai pesa yake.